Nyuzi Juu ya Hwangpo

Lori la samaki halikuwa linadondosha maji.

Pyo Haerin aliligundua hilo mara tu walipovuka Daraja la Seohae kuelekea kusini. Ilikuwa Agosti, lami inachemka, na lori lililochorwa kaa mwekundu ubavuni lilikuwa kavu chini utadhani limetoka dukani jana. Mashine ya ubaridi juu ya kichwa cha lori ilikuwa imezimwa.

Samaki gani hao wanaosafirishwa kwenye tanuri?

"Mkuu," alisema. Kisikizi kilikuwa ndani kabisa ya sikio lake la kushoto, kidogo kama punje ya mchele. "Hakuna samaki mle."

"Najua hakuna samaki." Sauti ya Mkuu Gye ilikuwa nzito, ya mtu aliyekatazwa sigara na daktari. "Kungekuwa na samaki ningemtuma mke wangu."

"Nilizuie?"

"Thubutu! Lifuate. Nataka mwenye mzigo. Dereva namfanyia nini?"

Haerin aliiacha Kia yake ya kijivu irudi nyuma kidogo, nyuma ya basi la watalii. Chini ya kiti chake kulikuwa na bastola aina ya K5. Kwenye kiti cha nyuma, ndani ya mkoba wa wapanda milima, kulikuwa na kitu kingine ambacho Idara ya Usalama ilikuwa imempa asubuhi ile baada ya kumsainisha mara tatu.

Mzigo ulikuwa umeingia kwa meli bandari ya Incheon. Karatasi zilisema ni nyavu za kuvulia. Mashine ya forodha ilionyesha droni, na maelfu ya vibiringo vya uzi wa metali, mwembamba kuliko unywele. Mtaalamu wa Idara alieleza kwa ufupi, akiwa amekunja uso. Uzi mmoja ukidondokea kati ya nyaya mbili za msongo mkubwa, cheche zinaruka, swichi zinajikata zenyewe. Nyuzi mia zikidondokea laini zote zinazolisha mji kama Seoul, mji unazimika.

Na leo, kuliko siku zote, mji haukupaswa kuzimika.

Aliwasha redio. Bunge lilikuwa limechafuka tangu asubuhi. Muswada wa moshi ulikuwa unapigiwa kura saa tisa alasiri: viwanda vikubwa vilipie hewa chafu vinayotoa, na vituo vya zamani vya makaa ya mawe vifungwe. Mitambo miwili ya kituo cha Hwangpo, pwani ya magharibi, ilikuwa tayari imezimwa wiki hiyo kwa majaribio.

"Anayetutia vumbi mapafuni alipe yeye!" Huyo alikuwa mbunge Bong Suyeon, mwenye muswada.

"Atalipa," akajibu mbunge Gil Taeha wa upande wa pili, taratibu, kama mtu anayemenya tunda. "Halafu atapandisha bei ya chuma. Umeme nao utapanda. Na bibi yangu kwenye ghorofa ya kumi na mbili atazima kiyoyozi ili amudu bili. Mheshimiwa, mapafu yake yatakuwa masafi sana kaburini."

Makelele. Spika akagonga nyundo.

Simu ikaita. Siyo ya kazi. Ile nyingine.

"Haerin, umekula?"

"Nimekula, Mama." Uongo. Hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu alfajiri.

"Unasikiliza bunge? Huyo Gil ndiye mwenye akili. Huyo mwanamke anadhani sote tunaishi kwenye vitabu."

"Mama, umewasha kiyoyozi?"

"Niwashe halafu bili nikuletee wewe? Ukivuka kile kiwango cha pili cha matumizi wanakuchinja. Nimelowesha taulo, nimejifunga shingoni. Feni inatosha."

"Wametangaza wazee wasikae bila ubaridi."

"Hao wazee."

"Mama, una miaka sabini na tatu."

"Ndiyo. Kwani nimekuwa mzee lini?" Mama akakohoa. "Kazini vipi? Bima zinauzika?"

"Zinauzika kiasi." Uongo wa pili; Mama hakuijua kazi yake ya kweli.

Lori likawasha taa ya kulia.

"Mama, nitakupigia."

Lilikuwa linaingia kituo cha mapumziko.

Watu walikuwa wamejaa. Familia zenye watoto wenye maboya ya kuogelea shingoni, ngisi wa kuchoma, foleni ndefu ya vikeki vya kokwa za jozi. Haerin alivaa kofia pana ya kukinga jua na vifuniko vya mikono vya kitambaa, akawa mmoja wa akina mama wanaopanda milima. Hakuna anayewatazama mara mbili. Alinunua mfuko wa vikeki vya moto, akaanza kuutembelea uwanja wa maegesho bila haraka.

Lori lilikuwa mwisho kabisa, karibu na uzio. Dereva alikuwa ameshuka kwenda msalani.

Haerin aliangusha keki moja, akainama kuiokota, akabandika kifaa cha kufuatilia chini ya bampa. Kilishika kwa sumaku bila sauti.

Alipoinuka kulikuwa na mtu nyuma yake.

"Mama mdogo," mtu huyo alisema kwa upole, "umepoteza nini chini ya gari letu?"

Alikuwa kijana wa mabega, fulana nyeusi, mkono mmoja mfukoni. Hakuwa dereva. Walikuwa na mlinzi, kwenye gari lingine, na Haerin hakuwa amemwona.

Uzembe, alijilaumu Haerin.

"Keki yangu, mwanangu," alisema. "Chukua na wewe moja."

Mkono ukatoka mfukoni na fimbo ya shoti ya umeme. Haerin alimpasulia mfuko wote usoni. Vikeki vya jozi vikitoka kwenye chuma vina maharage ndani yanayounguza kama uji. Kijana alipiga yowe, akafumba macho. Goti la Haerin likamkuta chini ya mbavu. Alimshika kifundo cha mkono, akaigeuza fimbo, akambonyezea mwenyewe shingoni.

Mwili ukalegea.

Alimburuta nyuma ya mapipa ya taka, akamfunga pingu kwenye bomba. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimbadilisha mtoto nepi kwenye buti la gari aliwatazama, mdomo wazi.

"Mume wangu," Haerin alimwambia. "Amelewa tena."

"Pole, dada," alisema yule mwanamke, kwa moyo kabisa.

Lori likanguruma. Dereva alikuwa amerudi, akaondoka bila kumngojea mlinzi wake. Na simu ya mlinzi ikaanza kutetemeka mfukoni mwake.

Haerin aliipokea, hakusema neno.

"Mko wapi?" Mwanamume, Kikorea kizuri lakini chenye lafudhi ya mbali. "Mzee Ma anauliza mzigo kama zuzu. Harakisheni."

Ikakatika.

"Tak," Haerin aliita akikimbilia gari. Tak Gyuwon, mwenzake, alikuwa njiani na kikosi cha watu wanane. "Nitafutie mtu anaitwa Mzee Ma. Aliye karibu na umeme, makaa, chochote. Upande wa Hwangpo."

Hakungoja sana.

"Ma Cheolgi, dada Pyo. Amefanya kazi chumba cha kuongozea mitambo cha Hwangpo maisha yake yote. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Ndiye aliyelala langoni walipotangaza watafunga."

"Ana silaha?"

"Ana kisukari."

"Ninyi mko wapi?"

"Tumekwama kwenye lango la ushuru. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma wameziba barabara kwa matrekta. Wanapinga muswada. Na wengine wamekuja kuwapinga hao wanaopinga."

"Pigeni honi."

"Kila mtu anapiga honi, dada."

Mkuu Gye akaingia katikati. "Pyo, mtumaji wa mzigo tumemjua. Desmond Raikes. Dalali wa makaa, pasi za nchi tatu. Mabosi zake wanataka kutuuzia makaa kwa miaka ishirini ijayo. Muswada ukipita, mkataba huo ni karatasi ya kufungia karanga."

"Na mji ukizimika wakati mitambo ya Hwangpo imezimwa..."

"Nani atauliza habari za droni? Kila mtu atasema si tuliwaambia. Muswada utakufa papo hapo, na hata huyo Bong atapiga kura ya hapana." Akashusha pumzi. "Sitaki kujua wewe uko upande gani."

"Sijakuambia, Mkuu."

"Vizuri. Endesha."

Hwangpo ilikuwa na mtaa mmoja mkubwa na mabomba manne ya moshi. Mawili yalikuwa yanatoa moshi. Mawili yalikuwa yamesimama tu.

Juu ya barabara kulikuwa na mabango mawili yaliyofungwa kwenye nguzo zilezile. La kwanza: MKIFUNGA KITUO, FUNGENI NA SHULE. La pili, chini yake: WATOTO WETU SI VICHUJIO VYA MOSHI. Kila pembe ya njia ilitandazwa maturubai ya pilipili nyekundu zikikauka, na harufu yake iliingia garini ikamwasha Haerin machoni.

Kifaa cha kufuatilia kilimpeleka nje ya mji, kwenye kilima kinachotazama bahari. Minara ya umeme ilipita hapo, mirefu, ya chuma, safu tatu sambamba kuelekea kaskazini. Zote zilikuwa zinakwenda Seoul.

Chini yake palikuwa na mabanda mawili marefu ya nailoni, ya kukaushia pilipili. Lori lilikuwa limeegeshwa katikati.

Haerin aliacha gari nyuma ya mashamba ya vitunguu, akasogea kwa tumbo na darubini. Nailoni za pembeni za banda la pili zilikuwa zimekunjwa hadi juu, upepo upite. Ndani, badala ya pilipili, kulikuwa na droni. Mstari baada ya mstari hadi mwisho wa banda, kila moja na kikasha tumboni.

Shati lilimganda mgongoni. Alijikuta anafikiria lifti. Lifti zote za Seoul na mkoa jirani wa Gyeonggi, zikisimama kwa mpigo mmoja kwenye joto hili, na watu ndani.

"Tak?"

"Bado, dada. Tunakuja kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Tumeacha magari."

Haerin aliuvaa mkoba, akashika bastola, akaingia banda la kwanza.

Humo pilipili zilikuwa za kweli. Joto lilimpiga kifuani. Mwisho wa banda, juu ya beseni lililogeuzwa, alikaa mwanamume mnene wa miaka kama sitini, amevaa kofia ya kazi yenye nembo ya kituo, kompyuta mapajani. Alikuwa anajipepea na gazeti.

"Mzee Ma. Toa mikono kwenye hiyo kompyuta."

Ma alimtazama, akatazama bastola. Hakuonekana kushtuka. Alionekana kuchoka.

"Polisi?"

"Mbaya zaidi."

"Basi kaa kwenye ndoo hiyo. Joto hili halijui cheo." Akafunga kompyuta polepole. "Nilijua mtakuja. Nilidhani mtakuja wengi."

"Unajua nini kitatokea hizi laini zikikatwa leo?"

"Binti, najua kuliko wewe na wakubwa zako wote. Nimezilinda tangu hujazaliwa. Laini moja. Mitaa michache itazimika, kisha laini nyingine mbili zinabeba mzigo. Hawatamaliza hata kulalamika." Alipangusa shingo. "Wajue tu kwamba taa haziwaki zenyewe. Wanatuita wachafu. Mke wangu akienda sokoni anaambiwa mumeo ndiye anayewapa watoto pumu. Nani alikuwa anawawashia viyoyozi vyao?"

"Kwa hiyo unataka kuwaonyesha."

"Nataka wanione. Mara moja."

Haerin alijua angepaswa kumfunga pingu na kumlaza chini. Hakufanya hivyo. Huyu mtu hakuwa anadanganya. Alikuwa amedanganywa.

"Droni ngapi, Mzee Ma?"

"Mbili."

"Nimetoka kuchungulia banda la pili. Zimejaa mpaka mwisho."

"Uongo."

"Umewahi kuingia?"

"Bwana Raikes alisema nisiingie, eti vumbi la pilipili litaharibu..." Ma alisikia maneno yake mwenyewe. Gazeti likasimama hewani.

"Pyo," Gye alinong'ona sikioni. "Usithubutu kumwachia huyo."

Haerin aliishusha bastola. "Nenda kaangalie. Nitakuwa nyuma yako."

Ma aliinuka kwa shida, akishika magoti. Alitembea kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Desmond Raikes alikuwa amesimama katikati ya banda la pili, shati jeupe la kitani, viatu vya ngozi vinavyong'aa, kishikwambi mkononi. Dereva wa lori alikuwa pembeni yake na bunduki fupi. Nywele za Raikes zilikuwa za fedha na hazikuwa na jasho hata kidogo.

Ma alisimama mlangoni. Haerin akajibana nje, nyuma ya tangi la maji.

"Tulisema mbili," alisema Ma.

"Mzee Ma! Ulitakiwa uwe kwenye kompyuta."

"Tulisema mbili, laini moja. Hizi zinatosha laini zote tatu." Sauti yake ilipanda. "Unajua maana yake? Huku siyo kuzima, huku ni kuua gridi nzima! Kuiwasha upya katika joto hili itachukua wiki!"

"Ndiyo," alisema Raikes. "Kitu kidogo watu husahau. Wewe ulitaka wakukumbuke, sivyo?"

"Kuna watu wanapumulia mashine majumbani mwao!"

"Na kesho kutwa kituo chako kitafunguliwa kwa maua na ngoma. Rudi ukakae."

Akagusa kishikwambi.

Banda zima likaanza kuvuma.

Ma aliruka. Mtu mnene, mwenye kisukari, aliruka kama kijana. Dereva akafyatua. Risasi ilimpata Ma pajani, akaanguka kati ya droni.

Haerin alitokea nyuma ya tangi. Risasi mbili. Bunduki fupi ilitoka mkononi mwa dereva pamoja na kidole, naye akapiga magoti akilia. Raikes alitupa kishikwambi, akatoka kwa upande wa pili wa banda, akatimua mbio kuelekea baharini.

Haerin hakumfuata. Alipiga risasi kishikwambi, kikapasuka vipande.

Droni hazikusimama.

"Hazisikii tena amri!" Ma alipiga kelele kutoka chini. "Zimeshapewa njia! Zitakwenda zenyewe!"

Mstari wa kwanza uliinuka. Upepo wa mapanga yake ulitimua vumbi jekundu. Haerin alikohoa, haoni, macho yanawaka.

Angeweza kupiga ngapi? Tano? Sita?

"Nailoni!" Ma alikuwa anajiburuta kuelekea mlangoni, akiacha mchirizi wa damu kwenye udongo. "Kuna mota! Inashusha pande zote mbili!"

Alifika kwenye nguzo, akajiinua kwa mkono mmoja, akabonyeza kitufe chekundu.

Mota ikaguna. Nailoni za pembeni zikaanza kukunjuka. Polepole. Polepole mno. Haerin alikimbia kwenye upande wa karibu, akainyakua ncha ya nailoni, akaining'inia kwa uzito wake wote. Ikashuka kwa kishindo.

Droni ya kwanza iligonga nailoni. Ya pili ikaigonga ya kwanza. Vikasha vikaanza kufunguka, na nyuzi zikamwagika, maelfu, zinazong'aa, zikajisokota kwenye mapanga ya droni zilizokuwa zinafuata. Banda likajaa milio, cheche na moshi. Zilikuwa zinaanguka kama nzi waliopigwa dawa.

Moja ilipita. Kwenye upande wa pili, chini ya ncha ya nailoni iliyokuwa bado inashuka, ilichomoka na kupaa.

Haerin alitoka nje, akauvua mkoba. Silaha iliyokuwemo ilionekana kama bomba nene jeusi lenye kitako, haina risasi, haina kelele. Aliiweka begani. Ndani yake kulikuwa na nguvu ya kuvuruga mitambo ya chochote inachoelekezewa, na betri yake, walimwambia, ilikuwa inatosha kufyatua mara moja, labda mbili.

Droni ilikuwa inapanda kuelekea safu ya kati ya minara. Ndogo. Nukta nyeusi juani.

Alivuta pumzi, akaiachia nusu.

Akabonyeza.

Nukta iliyumba. Ikazunguka kama mlevi. Ikaupita waya wa mwisho wa laini kubwa kwa umbali wa mkono tu, ikaporomoka kuelekea kijiji cha chini ya kilima, na kikasha chake kikafunguka njiani.

Nyuzi zilitua kwenye nyaya za nguzo ndogo za mbao za umeme wa kijiji.

Pa!

Mota ya banda ikanyamaza. Feni za mashambani zikanyamaza. Kule chini, bibi fulani akaanza kutukana kwa sauti ya juu.

Lakini minara mikubwa ilikuwa inanguruma vilevile.

"Mkuu," Haerin alisema. "Seoul?"

Sekunde zikapita.

"Taa zinawaka," alisema Gye. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wanaendelea kutukanana. Hakuna aliyejua lolote."

Haerin alimfunga Ma paja kwa mkanda wa mkoba, akamfunga dereva kwa pingu alizobakiwa nazo, kisha akatembea kuelekea baharini. Hakukimbia. Kutoka kilimani alikuwa ameona kitu ambacho Raikes hakukifikiria.

Maji yalikuwa yamekupwa.

Boti ya mpira iliyokuwa ikimngojea ilikuwa imelala ubavu mbali kabisa, katikati ya tope la kijivu lisilo na mwisho. Na njiani kuelekea kwenye boti, akiwa amezama hadi mapajani, alikuwa Desmond Raikes. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki nyuma yake, kimesimama wima kwenye tope.

Haerin alichukua ubao wa kutelezea ambao wanawake wa kijiji hutumia kuokotea kome, akapiga goti moja juu yake, akajisukuma kwa mguu hadi karibu naye. Akasimama mbali kidogo, mkono usimfikie.

"Nisaidie," Raikes alisema.

"Nani alikulipa?"

"Unajua ni nani. Unajua pia kwamba hamtaweza kuwagusa." Alijaribu kuinua mguu, akazama zaidi. Sasa alikuwa anatoka jasho. "Sikiliza. Wewe una akili. Sheria hiyo itawapandishia watu wenu bili. Mimi nilikuwa nawaonyesha mapema tu kitakachotokea."

Haerin alimfikiria mama yake na taulo lake shingoni. Suala hilo walikuwa wakiligombania hata kwenye meza ya chakula siku za sikukuu, mpaka supu inapoa.

"Huenda itapanda," alisema. "Waache waligombanie wenyewe."

"Huu ni upumbavu!"

"Bwana Raikes, maji ya pwani hii yakirudi yanakuja mbio kuliko baiskeli. Wale walioko nyuma yangu watakuja na kamba. Ukitaja majina, watakuja haraka. Ukikaa kimya watakuja vilevile, maana ndiyo kazi yao, lakini wametembea kwa miguu kutoka lango la ushuru na wamechoka sana."

Raikes alitazama upeo wa bahari. Mstari mweupe ulikuwa umeanza kuonekana.

Alitaja majina. Kisikizi kilimeza yote.

Tak alifika amelowa jasho, uso mwekundu, na watu wake wanane nyuma wakihema. Waliingia topeni na kamba. Gari la wagonjwa lilikuwa limefika kilimani kwa njia ya mashambani, likakanyaga maturubai mawili ya pilipili njiani.

Ma alikuwa amelazwa kwenye machela, mguu umefungwa, uso umepauka. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amefungulia redio kwa sauti. Spika alikuwa anasoma matokeo kwa ule mwendo wa maspika, wa kutaka kila mtu ateseke.

Muswada ulikuwa umepita. Kwa tofauti ya kura chache.

Makelele yalilipuka redioni, furaha na laana pamoja. Dereva akapunguza sauti.

Ma alikuwa anatazama mabomba manne ya Hwangpo. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Haerin alidhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Kituo wamekifunga," alisema, "na mimi nitafungwa."

"Tulia, mzee, utafungua jeraha," muuguzi alimkaripia.

"Nitaandika kwamba kitufe ulikibonyeza wewe," Haerin alisema.

"Andika pia kwamba hesabu za laini ya kwanza nilipiga mimi." Ma alikuwa amefumba macho. "Usinifanye shujaa. Watu wa chama watanicheka mpaka nife."

"Nitaandika yote mawili."

"Binti." Alifungua jicho moja. "Ingekuwa wewe, ungepiga kura gani?"

Haerin alifikiri. "Sijui, Mzee Ma. Kweli sijui."

"Angalau wewe husemi unajua." Akafumba tena. "Twendeni bwana, joto hili litaniua kabla ya hakimu."

Milango ya gari la wagonjwa ikafungwa.

Haerin alishuka kilima kwa miguu, kofia ya akina mama kichwani, tope la bahari hadi magotini. Kijijini watu walikuwa wametoka nje, wamekaa vivulini wakijipepea. Bibi mmoja mfupi, mkono kiunoni, alikuwa amesimama katikati ya njia kama kizuizi cha polisi.

"Wewe! Wewe ndiye wa shirika la umeme?"

"Kwa nini, bibi?"

"Nguzo imepiga mlio kama bunduki, friji imezima, na nina kabichi ya kimchi ya harusi ya mjukuu wangu mle ndani! Bili mnaleta kila mwezi bila kukosa, umeme ukikatika hamwonekani!"

Haerin aligusa kisikizi. "Tak. Kabla hujaondoka, waite mafundi. Kijiji cha chini ya kilima."

"Sasa hivi, dada."

"Wanakuja, bibi," alisema. "Kimchi haitaharibika."

Bibi alimkagua kuanzia kofia hadi matope, hakuridhika.

"Mwambie mkubwa wako nimekasirika!"

"Nitamwambia," alisema Pyo Haerin. Alivaa miwani yake ya jua, akampita, akaelekea kwenye gari.